La Kuvunda Lina Ubani

"Shikamoo au marahaba, sijui umri wako." Ndivyo inavyoanza barua ya msomaji mmoja wa Kibosho. Kijana wake anayefanya kazi Glasgow alirudi nyumbani Desemba, kama Wachaga wote wenye nauli, akamletea mzee chupa mbili za wiski: Glenmorangie na Macallan. Zote zimeandikwa miaka 12. "Ya kwanza," anaandika mzee, "inanukia wali wa nazi. Ya pili inanukia halua na chai ya karafuu. Kama zote zimekaa miaka 12, mbona hazifanani hata kidogo? Na mbege ya mke wangu siku ya nne ni siki. Hizi zinakaaje miaka yote hiyo zisiharibike?"

Swali la pili nalimaliza hapa hapa. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ina uhai: hamira na bakteria wake hawaachi kula, na mwisho kilevi kinageuka siki. Wiski hutiwa kwenye pipa ikiwa na kilevi cha asilimia 63 hivi, na humo hakuna kidudu kinachoishi. Kimea cha shayiri, hamira, mitungi ya shaba ya kukenekea, yote nayaruka. Anayetaka kujua kimea amfuate mama yeyote anayeanika ulezi uliochipua; atamweleza vizuri kuliko mimi.

Swali la kwanza ndilo lililonipandisha Kibosho.

Sikwenda mikono mitupu. Nilibeba chupa ya tatu, Laphroaig ya miaka 10 kutoka kisiwa cha Islay, niliyopewa na rafiki anayepandisha watalii mlimani. Mgeni wake alimwachia baada ya kushuka Kibo na kugundua kwamba hana hamu na kitu chochote isipokuwa kitanda. Tulikaa chini ya migomba, mzee, mkewe na mimi, na mbele yetu glasi ndogo za chai na kata moja ya mbege ya mama, iliyochujwa asubuhi hiyo.

"Mwanangu," mama aliniuliza nilipowaomba wanuse kwanza, "pombe ya kunusa bila kunywa ni ya dini gani?"

Ni ya dini zote, nilimjibu, na ndiyo maana hata msomaji asiyegusa kilevi anaweza kuendelea na makala haya. Ulimi una kazi chache: utamu, chumvi, ukali wa ndimu, uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Karibu mengine yote tunayoyaita ladha ni kazi ya pua. Basi tukanusa. Glenmorangie: nazi, vanila, na kwa mbali ndizi mbivu. Macallan: zabibu kavu, karafuu, kitu kama ganda la chungwa. Ya tatu iliwagawa. Mzee akasema, "Hii ni hospitali." Mama akachukua glasi, akavuta pumzi, akasema, "Hapana. Hii ni jikoni kwangu, kuni zikiwa mbichi."

Wote wawili walikuwa sahihi, na sababu ya kuwa sahihi ndiyo iliyoninyima usingizi kwa furaha wiki nzima.

Tuanze na kilicho rahisi. Ndizi ile imetengenezwa na hamira. Harufu yake inaitwa isoamili asetati, nayo ndiyo hiyo hiyo inayonukia kwenye ndizi zenyewe. Nyuki pia huitoa anapochoma, ili kuwaita wenzake waje kusaidia, kwa hiyo usile ndizi ukirina asali. Nazi imetoka kwenye mti wa pipa. Wiski ya Uskoti kwa sheria lazima ikae si chini ya miaka 3 ndani ya pipa la mwaloni, mti ambao wengi wetu tunaujua kwa jina tu, kutoka kwenye habari za Ibrahimu na mialoni ya Mamre. Mwaloni mweupe wa Marekani una mafuta fulani, laktoni, yanayonukia nazi waziwazi. Glenmorangie ya mzee ilikaa kwenye mapipa ya mwaloni huo, yaliyokuwa na wiski ya Marekani, burboni, kabla yake. Sheria ya Marekani inataka burboni itiwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Likishatumika mara moja halifai tena kwa burboni, na Waskoti wanalinunua.

Lakini karafuu, vanila na moshi? Hapo ndipo penye utamu.

Mti umesimama kwa sababu ya vitu viwili. Kuna nyuzi, ambazo ndizo karatasi unayoisoma, na kuna gundi inayozishika nyuzi hizo, inayoitwa lignini. Ukitaka kuiona lignini, fikiria shanga. Si mkufu mmoja wenye mwanzo na mwisho. Fikiria shanga zilizotungwa na fundi asiye na mpango, uzi ukapita huku, ukarudi kule, ukafungana na uzi mwingine, hadi zikawa wavu mmoja mgumu unaojaza kila pengo kati ya nyuzi za mti. Wavu huo haunuki. Umewahi kunusa meza kavu? Hakuna kitu. Shanga zikiwa zimetungwa hazina harufu, kwa sababu haziwezi kuruka hewani zikafika puani. Zimefungwa.

Sasa tuutazame ushanga mmoja. Katika mti wa majani mapana kama mwaloni, shanga ziko za aina mbili hasa: zenye jicho moja na zenye macho mawili. (Jicho ni kikundi kidogo cha kaboni na oksijeni kilichobandikwa ubavuni, mkemia atanisamehe.) Waache wenye macho mawili. Mchukue mwenye jicho moja, umkate kwenye uzi, umwache peke yake bila kitu. Jina lake ni gwayakoli, na harufu yake ni moshi. Moshi wa kuni, moshi wa nyama iliyoning'inizwa juu ya figa. Ndiyo jikoni ya mama.

Mchukue ushanga huo huo, lakini safari hii ukatike na kipande cha uzi, mkia wa kaboni tatu. Sasa jina ni eujenoli. Karibu asilimia 80 ya mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba ni eujenoli. Ndiyo harufu ya chai ya mzee, na ndiyo harufu ya daktari wa meno pia, kwa sababu eujenoli hutuliza maumivu.

Mchukue tena, safari ya tatu, ukate mkia uwe mfupi, kaboni moja tu, na kwenye ncha yake utundike oksijeni. Sasa ni vanilini. Ndiyo vanila ile inayolimwa Kagera na Uganda, ile ya aiskrimu na keki.

Ushanga ni ule ule. Jicho ni lile lile. Kilichobadilika ni mkia. Moshi, karafuu na vanila, ambavyo pua zetu zinaviweka mbali kama Moshi, Zanzibar na Bukoba, ni mtoto mmoja aliyevaa nguo tatu. Nilipowachorea kwa kijiti mchangani, mzee aliangalia muda mrefu, kisha akauliza kama mtu anaweza kuchukua karafuu akaigeuza vanila.

Anaweza, na imefanyika. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walitengeneza vanilini kutokana na utomvu wa misonobari. Miaka miwili baadaye mwenzao Karl Reimer akaipata kutoka kwenye gwayakoli, yaani moshi ukavaa nguo ya vanila. Kisha kwa miongo kadhaa viwanda vilitumia eujenoli: vilikamua mafuta ya karafuu, vikakata mkia, vikauza vanila. Kuanzia miaka ya 1930 vikagundua kwamba maji machafu ya viwanda vya karatasi yamejaa lignini inayomwagwa bure, vikaachana na karafuu. Keki nyingi zilizoliwa katikati ya karne iliyopita zilinukia vanila iliyotoka kwenye mti wa karatasi.

Kwa hiyo ndani ya ubao mkavu usionuka kitu mna shehena nzima ya jahazi: karafuu, vanila, na moshi wa kupikia. Kazi ni kukata nyuzi. Nani anazikata?

Kwanza moto. Fundi wa mapipa huchoma upande wa ndani hadi uwe mkaa. Mkaa wenyewe huchuja harufu mbaya za salfa, lakini uhondo uko nyuma yake, milimita chache ndani ya ubao, pale moto ulipopasha bila kuunguza. Hapo wavu umekatikakatika. Wamasai, majirani zetu wa tambarare, wanaijua siri hii: kibuyu cha maziwa husuguliwa ndani kwa kijinga cha oloirien, mzeituni pori, kabla ya kutiwa maziwa. Ni pipa lililochomwa, dogo la kubebeka mkononi. Na Islay wanafanya hivyo hivyo kwa nafaka: kimea cha Laphroaig hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi, ambao ni mimea iliyozama na kulundikana kwa maelfu ya miaka. Moto unazikata shanga za mimea ile, na moshi unazibandika kwenye shayiri. Pamoja na gwayakoli hupanda ndugu zake wengine, ambao tangu zamani hutiwa kwenye dawa za kusafishia wodi. Ndiyo hospitali ya mzee.

Pili kilevi, na muda. Mkufu ukikatika sebuleni, shanga nyingi unaziokota siku ile ile. Zilizobaki unaendelea kuzikuta mwaka baada ya mwaka: moja chini ya kochi, moja kwenye ufa wa sakafu, moja mfukoni mwa koti ulilodhani umelifua. Wiski ndani ya pipa iko hivyo. Miezi ya mwanzo inaokota kwa pupa, rangi inaingia haraka, kisha inaanza kutafuta polepole. Kukiwa na joto kileo kinavimba, kinaingia ndani ya ubao. Kukiwa na baridi kinajikunja, kinatoka na kilichookotwa. Hewa inapenya kidogo kidogo kati ya mbao na kuzivisha shanga nguo zile za oksijeni. Miaka 12 ni hiyo: kuokota.

Na kazi hii yote iitweje kwa Kiswahili? Nimegombana na mhariri wangu. Yeye anataka "uzeekaji". Nakataa. Kuzeeka hakuhitaji msaada wa mtu, na wiski ikishatiwa kwenye chupa haibadiliki tena, hata chupa ikae kabatini hadi mjukuu aoe. Akapendekeza "ukomavu". Bora, lakini tunda hukomaa mtini peke yake. Mimi nataka neno lililoko kila kihamba cha migomba: kuvundika. Mkungu ukikatwa hauachwi uwanjani. Unafunikwa kwa majani makavu, unafungiwa na joto lake na pumzi yake mwenyewe, na mtu anasubiri. Kifuniko, pumzi, subira: hayo ndiyo pipa. Basi nasema wiski "imevundikwa miaka 12", na kazi yenyewe naiita "mvundiko".

Mhariri akaniandikia kwa wino mwekundu kwamba kuvundika kumezaliwa na kuvunda, na wahenga walishasema la kuvunda halina ubani. Ubani wote wa Somalia, alisema, hautaficha kitu kilichooza. Nikacheka, kwa sababu amenipa silaha. Mti unaolala msituni Uskoti, ukaoza kwa miaka, unafanyiwa nini na kuvu? Unakatwa lignini yake, shanga moja moja. Pipa ni mti unaovunda kwa adabu, ndani kwa ndani, na kila uzi unaokatika unaachia harufu. La kuvunda, kwa mara moja, ndilo lenye ubani. Mvundiko unabaki.

Sasa mchezo kidogo. Tungevundika wapi huku kwetu? Moshi mjini, kama mita 800 juu ya bahari, wastani wa joto la mwaka ni nyuzi 23 hivi, na kila ukipanda mita 100 unapoteza zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Uskoti wastani wake ni nyuzi 8 au 9. Piga hesabu, Uskoti yetu inaangukia mita 3,400 hivi, njia ya Marangu, juu ya kibanda cha Mandara na chini ya Horombo. (Huko juu ni kiangazi mchana na majira ya baridi usiku, kila siku, na pipa huenda lisingejua liko wapi. Msiniulize hifadhi itasemaje.)

Tofauti si ndogo. Kuna kiasi kinachovuja kwa mvuke kupitia mbao, ambacho Waskoti wanakiita fungu la malaika: kama asilimia 2 kwa mwaka. Pipa la lita 200 likikaa miaka 12 hubaki na lita 157. Likae Moshi mjini? Mfano tunao India: mji wa Bangalore uko mita 900 hivi na joto lake ni kama letu, na huko watengenezaji wa wiski ya Amrut hupoteza asilimia 10 au zaidi kila mwaka. Kwa mwendo huo, baada ya miaka 12 pipa letu lingebaki na lita 56, na kilichobaki kingekuwa chai ya mbao. Ndiyo maana Amrut haisubiri hivyo. Nyingi huwa tayari kwa miaka minne au mitano. Malaika wa nchi za joto wana kiu.

Sasa namrudia mzee na chupa zake. Zote mbili zimevundikwa miaka 12, tena tarakimu ile ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Glenmorangie ilivundikwa kwenye mwaloni wa Marekani, wenye nazi na vanila nyingi. Macallan yake ilivundikwa kwenye mapipa yaliyotiwa kwanza sheri, mvinyo wa Jerez kule Hispania: ndiyo zabibu kavu, na mti mwenyewe ukaleta karafuu yake. Mzee alidhani saa ni moja. Saa ni moja kweli, ila shanga ni za mikufu miwili.

Kwa hiyo akija mtu kukuuzia ya miaka 18 kwa bei ya mbuzi wawili, akisema ni bora kuliko ya 12, muulize pipa gani, na limetumika mara ngapi. Pipa huvundika wiski mara tatu, hata nne. La kwanza hutoa sana. La tatu ni majani ya chai yaliyochemshwa mara ya tatu, unaweza kuyaacha jikoni hadi jioni na bado upate maji ya rangi. Miaka 18 ndani ya pipa lililochoka inaweza kushindwa na 8 ndani ya pipa jipya.

Na tone la maji liongezwe. Wengine huona ni dhambi. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Uswidi walipiga hesabu kwa kompyuta wakaona kwamba kileo kikiwa kikali sana, gwayakoli huzungukwa na kilevi na kuzama. Ukikipunguza kwa maji hupanda juu, karibu na pua. Tulitia matone ya maji ya kuchemsha kwenye Laphroaig. Mama akarudisha kichwa nyuma. "Kuni zimewaka," akasema.

Kisha akanipa kata yake ya mbege, nami nikanusa kwanza, kwa heshima ileile. Ndizi, ulezi, uchachu mdogo, na chini kabisa uchungu mkavu unaosafisha koo. Uchungu ule ni msesewa, gamba la mti ambao wanasayansi wanauita Rauvolfia caffra, mama huuchemsha pamoja na uji wa ulezi. Kwa Kiingereza unaitwa mti wa kwinini, ingawa kwinini hauna. Ni ndugu wa ule mti wa India uliotoa reserpini, dawa ya shinikizo la damu ya miaka ya 1950. Uchungu wake hauhitaji kukatwa kwenye wavu wowote. Uko tayari kwenye gamba, maji ya moto yanauchukua mchana mmoja.

Mama alisikiliza hayo yote huku akichuja kata ya pili. "Kumbe na wao wanatia mti," akasema. "Tofauti ni kwamba wa kwao unachelewa."

Ningeweza kuandika sentensi hiyo tu nikaokoa kurasa mbili. Nilimwambia aika mae, yaani asante mama, nikanywa mbege, na kabla ya kushuka nikawaomba jambo moja: glasi zile wasizioshe. Wazilaze mezani, wazinuse asubuhi. Kilevi ni chepesi, hupeperuka usiku. Shanga ni nzito, hubaki zimeshika kioo.

Mama alinipigia saa moja asubuhi. Ya hospitali, alisema, sasa ni majivu baridi. Ya wali wa nazi imekuwa kama biskuti. Ile ya halua akanyamaza kidogo, nikamsikia anavuta pumzi tena karibu na simu.

"Pombe imeondoka yote, mwanangu. Hapa limebaki sanduku la mbao, lile la nguo za bibi harusi." Kisha akauliza, "Sasa nizioshe?"